Fundi Akisema "Imeongezeka": Namna ya Kukabili Gharama za Ziada Katika Ukarabati wa Nyumba

Mada kwa semina ya wanachama wa chama cha akiba na mikopo, Tanga

Utangulizi



Wengi mnanifahamu kama mwalimu wa hesabu, na baadhi yenu mnanifahamu kama mjumbe wa kamati ya mikopo. Kwenye kamati hiyo tunapokea barua za aina moja mara kwa mara. Mwanachama alikopa ili akarabati nyumba, kazi imefika katikati, paa liko wazi, na sasa anaomba aongezewe mkopo kwa sababu "fundi anasema imeongezeka". Tukimuuliza kilichoongezeka ni nini, hana jibu. Anachojua ni kiasi tu.

Nimeomba kuzungumzia jambo hili kwa sababu limewahi kunifika mwenyewe. Ninaamini gharama ya ziada haikwepeki kabisa unapofumua nyumba ya zamani, na wala si kila fundi anayeidai ni mwizi. Kinachotuumiza ni kuiacha kazi ya ziada ifanyike kabla hatujaiona, hatujaipangia bei na hatujaiandika.

1. Yaliyonikuta

Nyumba ninayoishi aliijenga marehemu baba. Mwaka mmoja bati zilianza kuvuja juu ya jiko. Nikapatana na fundi abadilishe bati 12 za upande wa nyuma, ufundi shilingi 400,000, vifaa ninunue mwenyewe. Siku ya pili niko darasani, simu ikaita. "Mwalimu, huku juu kuna mambo. Kenchi zimeliwa." Wanafunzi walikuwa wananisubiri. Nikamjibu, "Endelea tu fundi, tutaongea jioni."

Jioni nikakuta kenchi tatu mpya, papi zote mpya, fisha bodi mpya na dari ya jiko imeshushwa. Mbao alichukua kwa mkopo dukani kwa jina langu. Hesabu yake ilikuwa shilingi 780,000 juu ya tulichopatana. Nikamwomba anionyeshe mbao zilizooza. Hazikuwepo, majirani walikwisha kuzichukua kwa kuni.

Tulizozana mbele ya geti mpaka watu wakatoka nje. Nilimwambia maneno ambayo mtu mzima hapaswi kumwambia mtu mzima mwenzake. Nilimlipa baada ya wiki mbili, kwa shingo upande, nikiamini ameniibia.

Mwaka uliofuata upande wa mbele nao ukaanza kuvuja. Nikamwita fundi mwingine, naye kabla ya kugusa chochote akaniwekea ngazi na kuniambia nipande. Akachukua bisibisi akaikandamiza kwenye kenchi, ikazama mpaka kwenye mpini, unga wa mchwa ukanimwagikia mkononi. Hapo nikaelewa. Mchwa hawakuanzia upande wa mbele. Yule fundi wa kwanza alikuwa amesema kweli, nami nilimwita mwizi kwa sababu niliruhusu ushahidi wake uende jikoni kwa watu. Nilimtafuta, nikamwomba radhi.

2. Gharama za ziada hutoka wapi

Kabla ya kuuliza "ni shilingi ngapi?", uliza "imetokana na nini?". Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha nani anapaswa kulipa.

Aina ya kwanza ni jambo lililojificha. Huku kwetu pwani liko kwa wingi. Kuna mchwa kwenye mbao. Kuna mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu ndani ya ukuta. Kuna nyaya za umeme za zamani zisizo na waya wa athi. Kuna zege lililochanganywa na mchanga wa baharini: chumvi yake hushambulia nondo, nondo hushika kutu na kuvimba, kisha zege hupasuka na kumeguka. Kuna kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zilizopigwa plasta ya saruji baadaye. Unyevu hukosa pa kutokea, rangi ikabanduka kila mwaka hata upake mara ngapi. Mambo haya fundi hawezi kuyaona kabla hajafumua. Ikiwa hayakuwa ndani ya mapatano, mwenye nyumba ndiye anayelipa.

Aina ya pili inatokana na sisi wenyewe. Tulisema vigae vya sebuleni. Shemeji akaja, akashauri viende mpaka kibarazani. Tulisema dirisha moja, tukataka mawili. "Fundi, ukiwa hapo hapo nisogezee na swichi hii." Kila "hapo hapo" ina siku zake na vifaa vyake. Hii ni haki ya fundi, na tukiikana tunamdhulumu.

Aina ya tatu inatokana na fundi: alipima vibaya, alikosea akarudia kazi, aliharibu vifaa, au alitaja bei ya chini ili apate kazi akijua ataipandisha mbele. Hii haipaswi kutoka mfukoni mwako, na unayo haki ya kuikataa kwa utulivu.

Wakati mwingine hesabu ndogo inatosha kuzitenganisha. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 kina mita za mraba 14. Ongeza asilimia 10 ya vipande vya kukata, unapata 15.4. Boksi la vigae vya sentimita 60 kwa 60 lenye vipande 4 linafunika mita za mraba 1.44. Kwa hiyo sakafu inataka maboksi 11. Ukitaka na sketingi, ongeza boksi moja au mawili. Fundi akidai maboksi 17, usigombe. Mpe futi kamba, mpime pamoja. Pengine pembe za chumba haziko sawa. Pengine alikisia tu. Futi kamba itasema.

3. Siku fundi anapoleta habari

Nimejiwekea utaratibu ninaoufuata, nami naupendekeza kwenu.

Kwanza, simamisha kipande hicho tu. Ukisimamisha kazi nzima, fundi na saidia fundi wanakosa riziki ya siku, nao watakuwa na haraka ya kukushinikiza. Waelekeze sehemu nyingine ambayo haina utata.

Pili, nenda ukaone. Ukiwa mbali, omba picha na video yenye futi kamba ndani yake, kisha mtume mtu unayemwamini. Chochote kinachotolewa, iwe mbao, bomba au waya, kibaki uani mpaka hesabu ifungwe.

Tatu, omba mchanganuo: vifaa gani na idadi yake, ufundi kiasi gani, siku ngapi zinaongezeka. Bei za vifaa uliza mwenyewe katika maduka mawili au matatu.

Nne, uliza maswali mawili ambayo wengi tunayasahau: "Tusipofanya sasa itakuwaje?" na "Kuna njia nyingine?" Upande wa mbele wa paa langu, kenchi tatu zilikuwa na mchwa. Baada ya kuuliza, tulibadilisha mbili. Ya tatu ilikuwa imeguswa kidogo, ikapigwa dawa na kufungiwa mbao ya pembeni. Upande wa nyuma nilinyimwa uchaguzi huo na simu yangu mwenyewe. Nyongeza inaposemwa mapema, unaweza kuchagua. Inaposemwa jioni, imebaki bei tu.

Tano, andika. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ukurasa wangu wa siku ile ulikuwa hivi:

"Tumeona wote wawili: kenchi 3 za mbele zina mchwa. Tutabadilisha 2, ya tatu itaimarishwa. Mbao na dawa ananunua mwenye nyumba. Ufundi wa ziada shilingi 90,000. Siku zinaongezeka 2. Mbao za zamani zibaki uani." Chini sahihi zetu mbili na tarehe, kisha kila mmoja akapiga picha kwa simu yake.

Iliandikwa kwa dakika chache, na hatukubishana tena mpaka kazi ilipokwisha.

4. Kujiandaa kabla nyundo haijagonga

Tenga fungu la tahadhari. Kwa kazi ya kawaida, asilimia 10 ya makadirio. Kwa nyumba ya zamani inayofumuliwa paa au kuta, asilimia 15 hadi 20. Kwa nyumba kama hiyo, kazi ya shilingi 6,000,000 itengewe walau 900,000. Pesa hiyo ikae kwenye akaunti yako, isihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya fundi.

Lipia uchunguzi. Kabla ya kupatana bei, mpe fundi ujira wa siku moja afumue bati mbili, abandue plasta kidogo, afungue soketi moja. Ni gharama ndogo kuliko kushtukizwa.

Andikeni yasiyomo. Mapatano mengi hutaja kitakachofanywa na kunyamazia kisichohusika. Nani anabeba kifusi? Nani analipia maji? Kupaka rangi baada ya kupasua ukuta kumo au hakumo? Ugomvi mwingi huzaliwa hapo.

Lipa kwa hatua. Malipo ya awali yasizidi yale yanayohitajika kuanza, na kila awamu ilipwe baada ya kuona kazi ya awamu iliyotangulia. Baki na asilimia 5 mpaka 10 kwa kipindi cha matazamio. Kwa paa la Tanga, kipindi hicho kipite kwenye masika. Paa ambalo halijanyeshewa bado halijakaguliwa.

Kazi ikiwa kubwa, tafuta mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa akuandalie mchanganuo, na kampuni unayoipa kazi iwe imesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kwa umeme, hakikisha fundi ana leseni ya EWURA. Na usivunje ukuta unaobeba mzigo wala kuongeza chumba bila kibali cha halmashauri. Kusimamishiwa kazi nako ni gharama.

5. Mkikosa kuelewana

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayatambua hata makubaliano ya mdomo. Kwa hiyo kusema "hatukuandikishiana" hakumfungui mtu yeyote kati yenu. Ugumu uko kwenye kuthibitisha, na ndipo picha, risiti na daftari vinapookoa.

Lipeni kwanza sehemu isiyo na ubishi, kisha mjadili iliyobaki. Mwiteni fundi mwingine apime kazi na kutoa maoni yake. Mkishindwa, nendeni kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa kusuluhishwa. Mahakama iwe ya mwisho, kwa maana muda na nauli navyo ni pesa. Na kwa vyovyote, usizuie vyombo vya kazi vya fundi. Msumeno wake ni kama chaki yangu. Ukiuzuia umewalaza njaa wanawe.

Hitimisho na pendekezo

Ndugu wanachama, mkopo wa ukarabati unalipwa kwa mishahara yetu ya miaka kadhaa. Naiomba kamati iongeze kurasa mbili kwenye fomu ya mkopo huo. Wa kwanza uonyeshe fungu la tahadhari, ili mwanachama akope akiwa amelihesabu. Wa pili uwe ukurasa wa nyongeza, wenye mistari ya tulichoona, bei, siku na sahihi mbili. Anayekuja kuomba mkopo wa ziada aje nao umejazwa.

Kwa majadiliano: Je, nyongeza yako ya mwisho ilikuwa ya aina gani kati ya zile tatu? Uliiona kabla haijafanywa? Na yule fundi uliyeachana naye kwa ugomvi, una hakika alikudanganya?

Mimi sikuwa nayo. Leo yule fundi wa kwanza ndiye anayenitengenezea uzio, na ukurasa wa nyongeza huanza kuuandika yeye kabla sijauliza.