MRADI USIO NA MAPATANO HAUDUMU

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama mjini Garissa



 

Nimeombwa niseme machache juu ya miji midogo ya huku kwetu Garissa, Wajir na Mandera, na namna wenyeji, Serikali, wafadhili na sisi wafanyakazi tunavyoweza kushikana mikono ili miradi isimame. Mimi si mtaalamu wa vitabu. Mimi ni fundi wa mashine za maji, na nitasema niliyoyaona.

Siku moja niliitwa katika mji mdogo ambao sitautaja jina. Niliambiwa mashine ya kisima imekufa. Nilipofika nilikuta ngamia wamesimama kwenye birika kavu, na kina mama wamepanga mitungi mistari miwili. Nikaifungua mashine. Chujio la dizeli lilikuwa limeziba, na oili ilikuwa nyeusi kama lami kwa kutobadilishwa. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu. Nikauliza, mtunza mashine yuko wapi? Wakanijibu, amekwenda Garissa kutafuta kibarua, maana miezi minne hakulipwa.

Nikauliza, nani alikuwa amlipe? Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kamati ilidhani analipwa na ofisi. Ofisi ilidhani analipwa na kamati. Na wale waliochimba kisima walikwisha kupiga picha wakarudi kwao. Kila mmoja alijiita mshirika, na hapana hata mmoja aliyekubali kuwa deni ni lake.

Ndugu zangu, maji yalikuwako chini ya ardhi, na mashine ilikuwako juu. Kilichokosekana ni mapatano. Hilo ndilo neno langu la leo: ushirikiano ni mapatano yanayojulikana, kila mtu na kazi yake, na mshahara wa mfanyakazi ukiwa ndani yake.

Twajua sote kwa nini miji yetu ilibaki nyuma. Waraka wa Serikali Namba 10 wa mwaka 1965 ulisema fedha za maendeleo ziwekwe kwanza mahali penye ardhi nzuri na mvua, ambapo zitazaa haraka. Sisi wa nchi kavu tukaambiwa tungoje. Tena tulikaa chini ya sheria ya hali ya hatari mpaka mwaka 1991. Katiba ya mwaka 2010 ilikuja na neno jingine. Kifungu cha 204 kiliweka Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya Serikali ya taifa kila mwaka, kwa maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma, kwa miaka 20. Na tangu mwaka 2013 tuna serikali za kaunti.

Ni haki yetu kuidai fedha hiyo mpaka shilingi ya mwisho. Lakini fedha haibadilishi oili. Fedha hailali kisimani usiku. Hapana budi pawe na watu, na watu hao wawe wamepatana.

Sasa nitawapeni mfano wa watu waliopatana, nao si wa mbali, ni wa Wajir.

Mwaka 1992 na 1993 koo zilipigana kule, na ukame ulikuwa mkali. Hata sokoni mwanamke wa ukoo mmoja aliogopa kuuza au kununua mbele ya mwanamke wa ukoo mwingine. Kina mama wachache wakakutana. Mmoja wao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir. Hawakuanza kwa kuandika barua Nairobi. Walianza na soko. Walikubaliana kwamba soko ni la kila mwanamke, wakaweka watu wa kuliangalia, na palipotokea ugomvi ukasemwa na kumalizwa.

Kisha wakawaendea wazee. Mwaka 1993 wazee wa koo wakatoa Azimio la Al Fatah la kurudisha amani. Vijana wakaingia, na wenye maduka wakachanga fedha. Hata ilipofika mwaka 1995, kazi yao ikaunganishwa na mipango ya Serikali wilayani, ikaitwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Wilaya nyingine za Kenya zikaja kuiga. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki mwaka 2011, Mungu amrehemu.

Tazameni mpango wake. Kwanza soko, kisha wazee, kisha vijana na wafanya biashara, na ofisi mwisho. Serikali ilipofika ilikuta kitu kinachokwenda chenyewe, ikakipa nguvu. Mara nyingi sisi hufanya kinyume: ofisi kwanza, kibao cha mradi pili, na wenyeji huitwa siku ya kukata utepe.

Mfano mwingine uko hapa katika kaunti yetu, upande wa Ijara. Wenyeji wa Ishaqbini walishirikiana na Shirika la Wanyamapori na Northern Rangelands Trust kumlinda hirola, mnyama aliyekaribia kwisha duniani. Mwaka 2012 walizungusha ua na kuingiza hirola 48. Kundi hilo limepita 100. Na wanaolinda ni vijana wa hapo hapo, kwa kazi yenye mshahara. Mlinzi anayelipwa huamka usiku.

Sasa nafika kwenye jambo zito, nalo latuhusu sisi watu wa vyama kuliko wote.

Tarehe 22 Novemba 2014 ilituumiza sana, wakati abiria 28 wa basi lililotoka Mandera walipouawa, na wengi wao walikuwa walimu waendao makwao kwa likizo. Vyama vya walimu viliwaambia wanachama wasio wenyeji wasirudi. Tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, hapa Garissa, na Tume ya Walimu ikawahamisha wengi. Madarasa yakabaki na watoto bila mwalimu.

Wako waliolaumu vyama. Mimi silaumu. Hapana mshahara unaolingana na roho ya mtu, na chama kisichosema hivyo si chama. Lakini hata mtoto wa mchungaji wa ngamia ana haki ya kusoma, naye hakumwua mtu. Basi tumwambieje?

Jibu nalipata katika basi jingine. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, watu wenye silaha waliwataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki. Huyo alikuwa mwenyeji, na alikuwa mfanyakazi mwenzetu. Hakutumwa na kamati yoyote. Alionyesha kwa mwili wake kwamba mgeni aliye kazini kwetu ni amana yetu.

Kwa hiyo, mji unaotaka mwalimu, mwuguzi au fundi kutoka mbali, na upatane kwanza juu ya usalama wake: atalala wapi, atasafiri na nani, nani atamwambia hatari ikinukia. Hilo si la askari peke yao. Wenyeji husikia kabla ya askari. Mji ukitoa ahadi hiyo na kuitimiza, chama nacho kitaweza kumwambia mwanachama, nenda.

Na wale vijana wetu waliomaliza kidato cha nne, walioingia darasani kuziba pengo kwa shilingi chache za wazazi, tusiwasahau. Tusiwaite wa kujitolea mwaka baada ya mwaka. Ni wafanyakazi. Wapewe mafunzo, wapewe cheo, waingizwe chamani.

Ndugu wanachama, naomba tutoke hapa na mambo matatu.

La kwanza, kabla mradi wowote haujaanza, mshahara wa mwenye kuutunza uandikwe: kiasi gani, tarehe gani, kutoka mfuko gani. Na vipuri viandikwe pamoja naye. Siku hizi pampu nyingi zaendeshwa kwa sola, na wengine wasema mtunza hana kazi tena. Si kweli. Vioo vya sola hushika vumbi, waya huibwa, na pampu iliyo chini ya kisima huchakaa kama zamani.

La pili, hesabu isomwe mbele ya watu. Fedha ya mtungi, fedha ya ngamia, fedha ya mbuzi, dizeli iliyonunuliwa, yote yasemwe barazani kila mwezi. Na kina mama wawemo katika wenye kushika daftari, kwa kuwa wao ndio wanaolipa kila asubuhi.

La tatu, mfanyakazi apewe kiti katika kamati. Yeye ndiye anayejua mashine inalia wapi.

Wengine watauliza, mji maskini utapata wapi mshahara? Nawajibuni: mji unalipa tayari. Kisima kikifa, maji huja kwa gari la boza au mkokoteni wa punda kutoka mbali, na bei ya mtungi hupanda mara nyingi. Mifugo hudhoofika, huuzwa kwa bei ya kutupa. Hiyo ndiyo gharama ya kutomlipa mtu mmoja.

Na sisi wafanyakazi tusijifiche. Mtunza mashine anayeuza dizeli usiku anaua mji wake. Tukidai kiti katika kamati, tukikalie kwa uaminifu.

Waswahili wamesema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mfadhili ni mgeni. Tumkaribishe, tumshukuru, lakini tumpe na jembe: aandike sahihi katika mapatano kabla ya kuondoka. Na Wasomali wamesema, meno yakiwa pamoja ndiyo hukata.

Yule mtunza mashine niliyewaambieni alirudi. Wazee walimfuata mpaka Garissa, wakamlipa deni lake nusu, na nusu wakaiandika mbele ya mashahidi. Nilipopita tena mji ule, birika lilikuwa limejaa.

 Umoja ni nguvu.