Malaika Hakumhubiria Eliya
Dominika ya 19 ya Mwaka B



Somo la kwanza, kutoka Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, latuonyesha nabii Eliya amelala chini ya mti jangwani, akimwomba Mungu aitwae roho yake. Huyu ndiye aliyewashinda manabii 450 wa Baali katika Mlima Karmeli. Hakuwa mtu wa imani haba.

Hapa Moshono pia tunao akina Eliya. Mama aliyejifungua juzi hataki kumtazama mtoto wake. Kijana ameacha kwenda shambani, hali wala hasemi. Jirani husema ni uvivu, mwingine husema amerogwa. Nasi watu wa Kanisa (na hili, nadhani, ndilo liumizalo zaidi) humwambia kwamba hasali vya kutosha. Waganga wa hospitali huuita ugonjwa huu sonona. Huzuni ya kawaida huja na kupungua. Sonona hukaa majuma mawili na zaidi, ikimnyima mtu usingizi, nguvu na hamu ya yale aliyoyapenda. Aweza kushika rozari asimalize hata tendo moja.

Tazameni alivyofanya malaika. Hakukemea, hakuhoji. Alileta mkate na maji. Eliya akala, akalala tena, na malaika akarudi mara ya pili. Ndipo nabii akapata nguvu ya kutembea siku 40 hadi Horebu.

Hiyo mara ya pili ndiyo hutushinda. Siku ya kwanza jumuiya nzima hufika. Juma la tatu hakuna apigaye hodi. Na dawa za sonona huchukua majuma kadhaa kabla ya kuleta nafuu, hata mgonjwa akadhani hazimfai, akaziacha. Basi tumsindikize Hospitali ya Mount Meru, na turudi kwake baadaye. Yoshua bin Sira, sura ya 38, afundisha kwamba mganga naye ni kazi ya Bwana. Tena tusiogope kumwuliza kwa upole kama anawaza kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Humpa nafasi ya kusema, kama Eliya alivyosema.

Wapo tuliochelewa kuwafikia. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima maziko waliojiua kwa kusudi. Sheria ya mwaka 1983 haiwataji tena katika orodha hiyo, na Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2282 na 2283, yatambua kwamba maradhi makali ya nafsi hupunguza wajibu wa mtu, wala tusikatie tamaa wokovu wake. Kwa hiyo katekista akiulizwa msibani kama marehemu huyo aombewa, ajibu mbele ya wazazi wake kwamba aombewa, kisha amjulishe paroko mapema, maziko yapangwe.