Mhadhiri Anaporuka Ukurasa

Ukisafiri kwa basi kutoka Iringa kwenda Mbeya utapita Mafinga, na pengine utashuka kunyoosha miguu na kununua viazi. Mji ule tumeuzoea kwa mbao na kwa baridi. Lakini Machi 2018 ulitajwa nchi nzima kwa jambo jingine. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Abdul Nondo, aliyekuwa akiongoza mtandao wa wanafunzi, alipotea Dar es Salaam akaonekana Mafinga. Mwenyewe alisema ametekwa. Polisi wakasema anadanganya, akafikishwa mahakamani Iringa, na chuo kikamsimamisha masomo mpaka kesi iishe. Novemba mwaka huo huo mahakama ikamwachia huru.

Kesi ile siirudii, mahakama ilikwishasema. Ninachokirudia ni maneno niliyoambiwa wakati ule na mhadhiri mmoja wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Chuo chake sitakitaja. Aliniuliza: "Ikiwa mwanafunzi ndiyo hivyo, mimi mwenye mke, watoto wanne na mkopo wa benki nitaishia wapi?" Nikamuuliza kama amepata barua yoyote. Hakupata. Ameitwa na mkuu wa chuo? Hapana. Kuna mtu ameingia darasani kwake na daftari? Hakuna. Basi kumetokea nini? Akasema: "Nimejipunguza mwenyewe."

Huyu bwana anafundisha historia. Habari ya Isimani alikuwa akiifundisha kwa vipindi vitatu. Siku hizi anaimaliza kwa nusu saa.

Kwa vijana wasioijua, Isimani ni kaskazini ya mji wa Iringa, njia ya Dodoma. Katika miaka ya 1960 palikuwa ghala la mahindi, na baadhi ya wakulima walikuwa na matrekta yao. Siku ya Krismasi mwaka 1971 Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, alikwenda huko katika kampeni ya vijiji vya ujamaa. Wakakorofishana na mkulima Said Mwamwindi, na Mwamwindi akampiga risasi akafa. Kisha akaupakia mwili kwenye gari, akaupeleka mwenyewe polisi Iringa. Alihukumiwa kunyongwa. Jina la Klerruu limebaki kwenye chuo cha ualimu pale mjini Iringa. Jina la Mwamwindi limebaki midomoni mwa wazee, nao husimulia kwa sauti ya chini.

Sasa mhadhiri akisimama mbele ya darasa na mkasa huo, maoni atayakwepaje? Akisema Mwamwindi alikuwa kabaila aliyewazibia njia wenzake, hayo ni maoni. Akisema alikuwa mkulima aliyetetea jasho lake, ni maoni pia. Hata akitaja tarehe na majina kisha akafunga daftari, amewaambia vijana kwamba jambo hili halizungumziki. Wasomi wetu wa zamani hawakuliogopa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Adhu Awiti alifanya utafiti Isimani kwenyewe, akaandika namna wakulima wale walivyotofautiana kwa mali na jinsi walivyoupokea mpango wa vijiji. Unaweza kumpinga, lakini utampinga kwa hoja, kwa sababu hoja zake ziko mezani.

Rafiki yangu alikuwa akiligawa darasa mara mbili. Upande huu usimame na Mkuu wa Mkoa, upande ule usimame na mkulima. Wakibishana mpaka jasho linawatoka, mwishoni yeye husema anaegemea wapi na kwa nini, halafu anawaalika wampinge. Hicho kipande cha mwisho ndicho alichokikata kwanza. Baadaye akakata na ubishi wenyewe, kwa sababu siku moja kijana wa nyuma alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, na Mbarali je?"

Wasikilizaji wa Mbeya wameshaelewa. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu, kule Usangu, ili maji ya Ruaha Mkuu yaokolewe. Mwaka 2008 mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ukasogezwa, na tangu hapo vijiji vya Mbarali vimekuwa na mgogoro usiokwisha. Wapo wanaosema bila bonde lile mabwawa ya umeme yatakauka. Wapo wanaosema mpunga na ng'ombe wa watu maskini ndio waliolipishwa deni la wengine. Lile lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa darasani mwaka ule, maana kijana alikuwa ameichukua historia akaileta nyumbani. Mhadhiri akatazama saa, akasema watalizungumza wiki ijayo. Hawakulizungumza.

Tusidhani woga huu umeanza jana. Desemba 1969 Walter Rodney, mwalimu wa historia pale Mlimani, alitoa mhadhara kuhusu mapinduzi ya Afrika, na gazeti la chama, The Nationalist, likamshukia kwa tahariri kali. Lakini aliendelea kufundisha hadi mwaka 1974, na mwaka 1972 Tanzania Publishing House ya hapa hapa nchini ilishiriki kuchapa kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Yeye alijibiwa kwa maneno. Wanafunzi hawakupata bahati hiyo. Novemba 1970 jarida lao la Cheche lilipigwa marufuku, miezi michache tu baada ya kutoa makala ya kijana Issa Shivji kuhusu matabaka Tanzania. Tahariri unaweza kuijibu. Marufuku utaijibu wapi?

Halafu kuna njia ya mkataba, nayo haina kelele. Mwaka 2009 Profesa Mwesiga Baregu, mwalimu wa siasa aliyekuwa pia kiongozi katika CHADEMA, hakuongezewa mkataba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hoja ilikuwa hiyo siasa yake. Na Septemba 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu, ikawa kosa kutangaza takwimu zinazopingana na zile rasmi, faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Kosa hilo liliondolewa mwaka 2019. Lakini mtu aliyekwishajifunza kufunga mdomo haufungui siku sheria inapofutwa.

Nakiri upo upande mwingine. Wapo wahadhiri wanaoligeuza darasa kuwa jukwaa la chama, kiwe cha kijani au cha rangi nyingine, na mwanafunzi akiwapinga anayaona majibu kwenye alama zake. Huo ni uonevu. Lakini dawa yake iko ndani ya chuo: rufaa ya mtihani, mtahini wa nje, kamati ya taaluma. Haihitaji mkuu wa wilaya.

Wenzetu wa Kenya, baada ya kuona walimu kama Al-Amin Mazrui wakiwekwa kizuizini mwaka 1982, waliutaja uhuru wa taaluma kwa jina katika Katiba yao ya 2010, Ibara ya 33. Ibara yetu ya 18 inampa kila mtu haki ya kuwa na maoni na kuyaeleza, lakini darasa haikulitaja. Wahadhiri wetu wenyewe walitoa Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma mwezi Aprili 1990. Waulizeni wanafunzi wa leo kama wamewahi kulisikia.

Mtaniuliza, hili linamhusu nini mama muuza mahindi ya kuchoma pale Uyole? Linamhusu kwa mwanawe. Iringa kuna Mkwawa, chuo kishiriki cha elimu tangu mwaka 2005, na kazi yake ni kutoa walimu. Kijana atakayezoea pale kwamba swali la Mbarali linajibiwa kwa kutazama saa, mwakani atakuwa Chunya au Makete mbele ya watoto hamsini, naye atatazama saa.

Juzi nilimpigia simu rafiki yangu. Isimani bado ni nusu saa. Lakini mwaka huu binti mmoja amemfuata ofisini akitaka kuandika tasnifu yake kuhusu wakulima wa mpunga Mbarali, na anataka yeye ndiye amsimamie. Barua ya kumwombea kibali cha utafiti imeshachapwa, iko mezani kwake. Nilimuuliza imekaa hapo muda gani. Akasema wiki ya tatu sasa, haina saini, na binti anapita kila Jumatatu kuuliza.