Mawe ya Viumbe vya Kale Ufukoni, na Daftari Lake

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Tumepewa nafasi ya kusema mbele yenu juu ya jambo lisilo la mshahara wala la cheo. Jambo lenyewe ni kuokota ufukoni mawe yenye alama za viumbe vya kale, yaitwayo visukuku, na namna mtu wa kazi, asiye mtaalamu, awezavyo kujifanyia mkusanyo wake mwenyewe. Huenda mwenzetu mmoja akasema moyoni, "Karani na mawe wapi na wapi?" Twaomba atusikilize mpaka mwisho, maana nia yetu ni kuonyesha kwamba katika kazi hii nyundo ni chombo cha pili. Chombo cha kwanza ni kalamu, na kalamu ndiyo kazi yetu ya kila siku.

Kwanza yafaa tujue kisukuku ni nini. Mnyama wa bahari akifa huzama chini. Akifunikwa upesi na matope kabla hajaliwa wala kuoza kabisa, mifupa yake au kombe lake hubaki pale. Matope yaongezeka juu yake mwaka hata mwaka, yashindiliwa kwa uzito, mwisho yawa mwamba. Maji yapitayo mwambani huacha madini yake ndani ya mfupa, hata mfupa wenyewe huwa jiwe. Baadaye nchi huinuka au bahari hushuka, na kilichokuwa chini ya maji huwa nchi kavu.

Wala mambo haya si mageni kwetu. Jiwe la matumbawe lililojengewa misikiti na nyumba za kale za pwani yetu, tangu Gedi mpaka Ngome ya Yesu iliyoanzwa 1593, sehemu kubwa ni mwamba wa bahari ya kale, umri wake yapata miaka 125,000. Mtu akisimama karibu na ukuta usiopakwa chokaa ataona matumbawe yenyewe na makombe, kila kimoja na umbo lake. Basi wengi wetu tumelala miaka mingi katikati ya visukuku, tusivijue kwa jina.

Mahali palipopata sifa kuu kwa kazi hii ni mji mdogo wa Lyme Regis, pwani ya kusini ya Uingereza, katika wilaya ya Dorset. Huko majabali ya udongo mweusi na chokaa yamesimama kando ya bahari, nayo ni ya karibu miaka milioni 200. Majira ya baridi mvua huyalainisha na mawimbi huyapiga miguuni, yakaporomoka. Maji huosha udongo, na mawe mazito yenye visukuku hubaki ufukoni. Hivyo bahari ndiyo mchimbaji, na mwanadamu ni mwokotaji tu. Lakini bahari haingoji: asiyeokota leo, kesho huenda jiwe limesagwa likawa mchanga.

Katika mji huo alizaliwa Mary Anning mwaka 1799. Baba yake alikuwa seremala wa samani, naye kwa kuongeza riziki aliokota mawe hayo na kuwauzia wageni. Alikufa mwaka 1810, akaacha deni. Mwaka 1811 kaka yake Mary, jina lake Joseph, aliona kichwa kikubwa cha mnyama katika jabali, na mwaka uliofuata Mary, msichana wa miaka 12 au 13, aliupata mwili wake. Alikuwa ikthiosauri, mnyama wa jamii ya watambaao, mwenye umbo kama la pomboo. Waliuuza kwa pauni 23 hivi. Mwaka 1823 akapata plesiosauri mzima, mnyama mwenye shingo ndefu mno, hata mtaalamu mkubwa wa Ufaransa, Cuvier, alidhani ameunganishwa kwa hila. Baadaye alikubali kwamba ni wa kweli.

Sasa twaomba wanachama wasikilize vema, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mary Anning hakuwa na elimu ya chuo, lakini alikuwa na jicho la kutazama kila kitu mahali pake. Ufukoni kulikuwa na mawe fulani ya mviringo ambayo watu walidhani ni mawe ya dawa. Yeye aliona kwamba mawe hayo mara nyingi hupatikana ndani ya mbavu za ikthiosauri, penye tumbo, na yakivunjwa huonekana ndani yake magamba na mifupa ya samaki. Kwa habari hizo mtaalamu Buckland alieleza mwaka 1829 kwamba ni kinyesi cha wanyama wale kilichogeuka jiwe, na hivyo ikajulikana walikula nini. Jiwe ni lile lile. Lilipouzwa peke yake lilikuwa kitu cha kuchezea. Lilipojulikana mahali lilipolala, likawa ushahidi.

Lakini jina la mwokotaji je? Plesiosauri yule alipoelezwa mbele ya Chama cha Wanajiolojia cha London mwaka 1824, Mary hakutajwa. Chama hicho hakikuwapokea wanawake mpaka mwaka 1919, naye alikwisha kufa mwaka 1847. Mawe mengi aliyoyatoa yaliingia katika nyumba za makumbusho kwa majina ya matajiri walioyanunua na kuyatoa zawadi. Sanamu yake ilisimamishwa Lyme Regis mwaka 2022, miaka 175 baada ya kufa kwake. Wahenga wetu walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nasi twaongeza: hata sifa bila daftari huenda kwa mwingine.

Tukija kwenye namna ya kazi, waokotaji wa Dorset hufuata desturi hizi. Kwanza hutazama majira ya maji, wakatoka wakati wa maji kupwa na kurudi kabla hayajajaa, maana pwani ile ina mahali ambapo mtu huzibiwa njia kati ya bahari na jabali. Pili, hawasimami chini ya jabali. Mwaka 1833 mbwa wa Mary Anning aliyefuatana naye kila siku aliuawa na udongo ulioporomoka, na Mary mwenyewe aliponea chupuchupu. Tatu, huokota yaliyokwisha kuanguka, wala hawachimbi jabalini bila ruhusa ya mwenye nchi. Tena wana mwongozo kwamba mtu akipata kitu chenye maana kwa elimu, apeleke habari kiandikwe.

Vitu vinavyopatikana zaidi si wanyama wakubwa. Ni amonaiti, jamaa wa ngisi na pweza, aliyekaa ndani ya kombe lililojikunja kama pembe ya kondoo dume. Na belemnaiti, mfano wa risasi ndefu, ambaye naye ni wa ukoo wa ngisi. Vikifika nyumbani huloweshwa katika maji matamu ili chumvi itoke, kisha hukaushwa polepole. Vile ving'aavyo kama dhahabu huwekwa pakavu kabisa, maana vikipata unyevu huliwa na kuwa unga.

Kisha yaja kazi ya karani. Kila jiwe hupakwa doa dogo la rangi nyeupe mahali pasipo na alama, na juu ya doa huandikwa nambari kwa wino. Nambari ile ile huandikwa daftarini, pamoja na siku, mahali hasa lilipookotwa, kama lilikuwa limelala huru au limo katika mwamba, na ni tabaka gani la mwamba, likihesabiwa toka chini. Kisha jina la aliyeliona. Kijikaratasi chenye maneno hayo huwekwa sandukuni pamoja na jiwe. Wenzetu wa masjala hawahitaji kufundishwa neno hili. Barua isiyo na tarehe, isiyo na mahali ilikotoka wala sahihi, ijapokuwa imeandikwa kwa hati nzuri namna gani, haifai kitu siku ya kuulizwa. Jiwe ni hivyo hivyo.

Na mtu asidhani kwamba mkusanyo wa mtu mmoja ni jambo dogo. Huko huko Dorset, katika kijiji cha Kimmeridge, fundi wa mabomba ya maji aitwaye Steve Etches alikusanya visukuku vya pwani yake kwa miaka zaidi ya 30, akivisafisha kwa mkono wake na kuandika habari zake. Vilipozidi 2,000 ilijengwa nyumba ya makumbusho kwa ajili yake, ikafunguliwa mwaka 2016. Mwaka 2022 mtu aliyekuwa akitembea ufukoni hapo aliona ncha ya pua ya mnyama mkubwa wa bahari, na kichwa kilichobaki kikatolewa jabalini kwa kamba. Urefu wa kichwa hicho ni kama meta 2, nacho kimewekwa katika nyumba ile ile. Haba na haba imejaza kibaba.

Sasa turudi kwetu. Je, yatupasa twende ufukoni na nyundo? Tungependa kila mwanachama aelewe hapa pasipo shaka. Nchi zetu zina sheria zake: Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Zote mbili hukataza kuchimba vitu hivi bila kibali, na humtaka mwenye kuvumbua apeleke habari kwa wenye mamlaka. Lilil la halali Dorset si lazima liwe halali Lindi. Nasi tulio watumishi wa Serikali ndio wa kwanza kupaswa kuishika sheria.

Huenda mtu akauliza, basi mkusanyo wetu utakuwa wa nini? Jibu letu ni hili: utakuwa wa daftari. Ikiwa thamani ya jiwe imo katika habari zake, basi mtu aweza kukusanya habari na kuliacha jiwe mahali pake. Aandike siku na mahali, apime kwa rula, achore au apige picha akiweka sarafu kando ili ukubwa ujulikane, kisha apeleke nakala kwa makumbusho na kubaki na nakala yake. Mkusanyo wa namna hii haujazi nyumba, hauvunji sheria, wala hauliwi na unyevu ukitunzwa vema.

Wala nchi yetu haina uhaba wa vitu vya kuandika. Katika miamba ya udongo ya Changamwe, upande wa bara wa Mombasa, wamepatikana amonaiti wa zama za Jura, zama zile zile za majabali ya Lyme Regis. Na Tendaguru, bara ya Lindi, ambako zamani palikuwa ukingo wa bahari, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosauri tangu 1909 mpaka 1913. Mamia ya watu wa nchi walichimba, wakafunga, wakachukua mizigo kwa vichwa mwendo wa siku kadhaa mpaka bandarini, tani zaidi ya 200. Mmoja wa wanyama hao alisimamishwa Berlin mwaka 1937, kimo chake zaidi ya meta 13. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Kwa kuwa jina lake liliandikwa katika habari za safari ile, mwaka 2007 mtaalamu aliweza kumwita mnyama mmoja wa Tendaguru kwa jina lake, Australodocus bohetii. Na wale mamia wengine? Walibeba mizigo ile ile kwa jasho lile lile, na majina ya wengi wao hatunayo.

Ndugu wanachama, jambo hili halitangoja mpaka tupate nafasi. Mawe ya pwani yetu hukatwa kila siku kwa kujengea, huchomwa kwa chokaa, na husagwa kwa saruji. Hatusemi watu wasijenge. Twasema tu kwamba kila ukuta wa mwamba uondokao bila kuandikwa ni ukurasa uliochanwa, na hapana nakala ya pili.

Kwa hiyo twaleta shauri moja mbele ya mkutano. Chama kinunue daftari moja gumu, lipigwe mistari ya nambari, siku, mahali, tabaka, vipimo, picha na jina la aliyeona, liwekwe chumbani mwa Chama chini ya ulinzi wa Katibu. Mwanachama aendaye likizo pwani, au ahamishwaye kituo chenye machimbo ya mawe, aandike alichokiona. Kila mwisho wa mwaka nakala ipelekwe kwa makumbusho, na majina ya walioona yaandikwe kamili, awe mwanachama, mvuvi, mkata mawe au mtoto wa shule.

Gharama yake ni bei ya daftari na wino. Faida yake ni kwamba atakayeuliza baadaye, "Nani aliliona jiwe hili, na wapi?", atapata jibu lenye tarehe na jina.

Shauri letu twaliacha mikononi mwa mkutano.