Pima Mtoto Kwanza, Ndipo Ukate Mbao

Sisi tumetoka Eastlands, Nairobi, upande ule wa Jogoo Road. Tumeombwa tuwaeleze jinsi tulivyopanga chumba chetu cha shule ya Jumapili. Najua kuna mtu hapo nyuma anajiuliza, je, kupanga mabenchi nako ni jambo la kuitia watu mkutano? Hata sisi tulifikiri hivyo. Tulisema benchi ni benchi, mtoto ni kukaa tu. Lakini kuna mtoto mmoja aliyetuacha kwa sababu ya mabenchi, na ndiyo maana tumekuja mbele yenu leo.

Chumba chetu ni kidogo: futi 12 kwa 15. Mlango ni mmoja, madirisha mawili yako upande mmoja, na juu ni mabati. Jumapili huja watoto 30, na siku nyingine hufika 40, wa umri wa miaka 3 mpaka 12. Tena chumba si chetu peke yetu. Jumanne kuna wanaojifunza kushona, Alhamisi kina mama wana chama chao, Jumamosi ni kwaya. Nafikiri hata ninyi wenye vyumba vya kikundi huko mashambani mnaijua hali hii. Chumba kimoja, kazi kumi.

Kwanza tuwaeleze mtoto wetu anatoka wapi. Mitaa mingi ya zamani ya Eastlands, kama Shauri Moyo, Kaloleni na Makongeni, ilianzishwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa mji na wa reli, na nyumba nyingi zilikuwa ndogo sana. Mpaka leo familia nyingi za mitaa yetu huishi katika chumba kimoja. Humo ndimo jiko, ndimo kitanda, ndimo kabati. Mtoto anaandikia kitandani au sakafuni, na mdogo wake anampita juu ya daftari. Akienda shuleni napo ni kusongamana. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka wa 2003, watoto wengi walipata shule, na hilo ni jambo la kushukuru, lakini madarasa yalijaa pomoni. Kwa hivyo akija kwetu Jumapili, huenda hapo ndipo mahali pekee katika wiki nzima atakapopata nafasi ya kuweka karatasi yake na kuchora bila kusukumwa. Na sisi tulimnyima hata hapo.

KOSA LETU

Tulifanya harambee, tukapata pesa, tukaagiza mabenchi manane ya mbao, kila moja futi 6. Fundi alituuliza, "Urefu wa miguu niweke ngapi?" Tukamjibu, "Weka wa kawaida." Naye hakukosea. Akaweka inchi 18, kimo cha mtu mzima. Siku yalipoletwa tulipiga makofi.

Jumapili ya kwanza, taabu ikaanza. Mtoto wa miaka 5 akikaa, miguu inaning'inia hewani. Baada ya dakika kumi mapaja yanakufa ganzi, anaanza kurusha miguu. Anampiga wa mbele, wa mbele anageuka, vita. Wakati wa kuandika, wengine walipiga magoti sakafuni wakaandikia juu ya benchi, na wengine wakaandikia mgongo wa mwenzao. Sisi tukasema, hawa watoto wa siku hizi hawana adabu. Tukawasimamisha ukutani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeangalia miguu yao.

Kulikuwa na msichana mmoja wa miaka 9 anayetembea kwa gongo. Mabenchi manane katika chumba kile hayakuacha njia, na mguu wake haukunji vizuri. Basi yeye alikuwa anakaa kizingitini pale mlangoni, gongo likiwa nje. Mvua ikinyesha inampiga mgongoni. Tulimwona kila Jumapili na tukazoea kumwona hapo. Halafu akaacha kuja. Tulidhani wamehama, maana Eastlands watu huhama kodi ikipanda. Baadaye mmoja wetu alikutana na mama yake sokoni Burma. Akamuuliza, mbona siku hizi hatumwoni mtoto? Yule mama akajibu pole pole tu, "Mwalimu, anasema kwenu hakuna mahali pake."

Ndugu zetu, neno hilo lilituuma. Sisi ndio tunaowafundisha watoto kwamba Yesu aliwakaribisha watoto. Mtoto akija asipate pa kukaa, amejifunza somo gani siku hiyo?

KUKATA MABENCHI YA HARAMBEE

Tulipeleka maneno kwa kamati. Tukaomba ruhusa ya kukata miguu ya mabenchi manne. Mweka hazina akashtuka. "Pesa za watu! Mbao nzuri hizi mnataka kuzipiga msumeno?" Naye alikuwa na haki, kwa sababu mali ya kikundi haichezewi. Kina mama nao wakauliza, na sisi Alhamisi tutakaa wapi?

Basi tukamwomba mwenyekiti, mzee wetu tunayemheshimu sana, akae juu ya meza, miguu isiguse chini, na aandike kumbukumbu za mkutano akitumia goti lake. Alicheka, akakubali. Tukaendelea na ripoti. Haikupita dakika kumi, mzee alikuwa anajigeuza huku na huku, kalamu ikaanguka, na miguu ikaanza kupiga meza. Watu wote wakacheka, na yeye pia. Akashuka, akasema, "Haya, leteni msumeno. Lakini manne tu, na mengine yaachwe ya watu wazima." Ndivyo tulivyopatana.

TULIVYOPIMA

Hamhitaji mtaalamu. Chukueni uzi. Mtoto asimame, mpime kutoka kisigino mpaka nyuma ya goti. Huo ndio urefu wa kiti chake: akikaa, nyayo zote mbili ziguse chini. Pimeni watoto watatu au wanne wa kila umri, mpige fundo kwenye uzi. Kwetu ilikuwa hivi: wa miaka 3 mpaka 5 ni kama inchi 10 hadi 12, wa miaka 6 mpaka 8 inchi 12 hadi 14, na wa miaka 9 mpaka 12 inchi 14 hadi 16. Lakini msichukue namba zetu. Pimeni watoto wenu.

Tulikata mabenchi mawili yakawa inchi 12 na mengine mawili inchi 15. Angalieni jambo moja: kama benchi lina mbao ya kushikilia miguu karibu na chini, ipandishwe kwanza ndipo mkate, la sivyo benchi litalegea. Pigeni alama miguu yote minne benchi likiwa limesimama kwenye sakafu iliyo sawa, halafu mpige msasa ili mtoto asichomwe na vibanzi. Vipande 16 vya miguu hatukuvitupa. Tulivilainisha, na sasa watoto wadogo wanavijengea nyumba.

Wale wadogo kabisa hawahitaji benchi. Kikundi cha ushonaji kiliwashonea mkeka wa magunia safi yaliyokunjwa mara mbili. Wanakaa hapo mbele, viatu vimeachwa mlangoni, maana wakati wa masika matope ya mitaa yetu mnayasikia.

Kuhusu nafasi, mpeni kila mtoto kama inchi 14 za benchi. Kwa hivyo benchi la futi 6 ni la watoto watano. Msiweke saba. Acheni njia ya futi 2 au zaidi kutoka mbele mpaka mlangoni, na njia hiyo isiwekwe kitu hata siku watoto wakiwa wengi. Wakizidi, sisi hutoa kundi moja nje kwenye kivuli, halafu wanabadilishana.

PA KUANDIKIA

Meza hatukuwa nazo, na hata zingekuwepo, zingejaza chumba. Tulinunua karatasi moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4. Ukiikata vipande vya inchi 16 kwa 12 unapata vibao 24. Pembe tulizizungusha kwa msasa. Mtoto anaweka kibao mapajani na kuandika. Wakimaliza, vibao vyote vinaingia ndani ya kreti moja la soda.

Tena yale mabenchi manne ambayo hatukuyakata yana kazi mbili. Benchi la inchi 18 likiwekwa mbele ya mtoto aliyekaa kwenye benchi la inchi 12, limekuwa meza yake. Alhamisi linarudi kuwa kiti cha kina mama. Kwa hivyo kina mama hawakupoteza, na mweka hazina akanyamaza.

Ubao wetu ni ukuta uliopakwa rangi nyeusi. Wa kwanza ulikuwa juu, unafikiwa na mwalimu peke yake. Tuliushusha mpaka inchi 20 kutoka sakafuni, na sasa hata mtoto wa miaka 4 anachora jua lake hapo.

MPANGILIO

Wakati wa hadithi, tunapanga nusu duara: wadogo mkekani, wa kati nyuma yao, wakubwa mwisho. Kila mtoto anamwona mwalimu usoni, na mwalimu anamwona kila mtoto. Wakati wa kazi za mikono, tunavunja nusu duara na kufanya makundi, na kila kundi lina mtoto mkubwa mmoja wa kusaidia. Watoto wenyewe ndio wanaobeba mabenchi, wawili wawili. Tuliogopa kelele. Kelele ziko, lakini ni za dakika mbili, na baada ya hapo wanatulia kwa sababu wamejipangia wenyewe.

Jambo hili si geni duniani. Tarehe 6 Januari 1907, daktari mmoja mwanamke, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, huko Roma, Italia, ndani ya jengo walimoishi wafanyakazi. Watoto wake walikuwa kama hawa wetu wa Eastlands, wazazi wako kazini kutwa. Yeye alitaka meza ndogo na viti vyepesi ambavyo mtoto mwenyewe anaweza kubeba, badala ya madawati mazito ya kumfunga mahali pamoja. Aliona kwamba mtoto akipewa vitu vya kimo chake, utulivu huja wenyewe.

Mwangaza nao mwuangalie. Msimkalishe mtoto akitazama dirisha lenye jua kali. Mwangaza ukitoka kushoto ni mzuri kwa anayeandika kwa mkono wa kulia. Anayeandika kwa mkono wa kushoto akae mwisho wa benchi, upande wake wa kushoto, kiwiko kipate nafasi; wala asilazimishwe kubadilisha mkono. Asiyeona au kusikia vizuri akae karibu. Na mlango ufunguke kwenda nje. Wetu ulikuwa unafunguka kuja ndani. Fikirini watoto 40 wakikimbilia mlango kama huo pakitokea moto: watausukuma, nao utazidi kufunga. Kugeuza bawaba ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

YULE MSICHANA

Mtauliza, yule msichana je? Tulikwenda kwao, tukaomba msamaha, kwake yeye mwenyewe na kwa mama yake. Jumapili iliyofuata akaja. Tulikuwa tumemwekea kiti kizuri mbele kabisa, peke yake. Tulijiona tumefanya jambo la maana. Akakitazama kiti, akatutazama, akasema hakitaki. Anataka kukaa na wenzake.

Hapo tulikosea mara ya pili. Tulimpima mguu, lakini hatukumuuliza moyo wake. Sasa anakaa mwisho wa benchi la inchi 15, kando ya njia, mguu wake umenyooka, pamoja na wasichana wa rika lake. Ukutani tulipiga msumari mmoja wa kutundikia gongo. Yeye ndiye msaidizi wa kundi lake, na akimkuta mtu amekaa mahali pake, jamani, mtu huyo atahama upesi!

Ndugu zetu, pengine chumba chenu ni cha matope, au mnafundishia chini ya mwembe. Si kitu. Hatukuja kuwaambia mkanunue. Tunawaomba mfanye jambo moja tu kabla ya Jumapili ijayo. Ingieni katika chumba chenu kikiwa kitupu. Kaeni pale anapokaa mtoto aliye mahali pabaya kuliko wote, nyuma kabisa au mlangoni, kwa dakika kumi, na karatasi mkononi. Mkiweza kuandika, ni vizuri. Mkishindwa, mnajua pa kuanzia.

Uzi wetu wenye mafundo tumekuja nao, na anayetaka kuona jinsi ya kupima, aje na mtoto mmoja hapa mbele.