Kemia Ndani ya Gunia la Chai



Nimeombwa niseme machache juu ya kasi ya mmenyuko wa kikemia. Nimechagua chai.

Jani la chai lina kimeng'enya. Seli zikipasuka, kimeng'enya hicho huharakisha mmenyuko wa oksijeni na kemikali za jani, na rangi ya kijani hugeuka shaba. Kiwandani mashine hulikatakata jani ili sehemu kubwa zaidi ikutane na hewa. Joto la kiasi huongeza kasi. Joto kali huua kimeng'enya. Ndiyo maana, rangi ikiiva, hewa ya moto inayozidi nyuzi 100 husimamisha mmenyuko.

Sasa tazameni gunia. Majani yakishindiliwa, na lori likichelewa, majani hupumua, joto hupanda, seli hupasuka, na mmenyuko ule ule huanza kabla ya wakati wake. Majani mekundu hukataliwa, na jasho la mkulima hupotea.

Basi nawaomba wenzangu mlio na mashamba: msishindilie, wekeni majani kivulini. Nanyi mnaopanga safari za malori, hesabuni saa.