Chini ya Wingu

Mazungumzo ya asubuhi redioni. Somo: 1 Samweli 16:1–13

 Nawasalimu ninyi wa Chakol, Amukura na Malaba, nanyi ndugu zetu wa ng'ambo, upande wa Tororo. Nawasalimu pia madereva mliolala ndani ya magari mkingoja zamu ya kuvuka mpaka.

Ninyi mnaoamka alfajiri kwenda shamba au kisimani mnaijua nyota ya asubuhi. Majira yake yakifika, huitangulia jua ikang'aa kuliko nyota zote. Jina lake ni Zuhura, na kwa kweli si nyota bali ni sayari, dunia kama hii yetu, na ukubwa wake unakaribia ukubwa wa dunia yetu. Yang'aa hivyo kwa sababu imefunikwa na mawingu mazito pande zote, na mawingu hayo huurudisha mwanga wa jua. Basi tunachokisifu alfajiri ni wingu. Ardhi yenyewe hakuna aliyeiona kutoka huku kwa macho yake.

Kwa miaka mingi wataalamu waliitazama kwa darubini zao wakaona wingu tu. Palipokosekana kuona, pakaingia kukisia. Wengine walidhani chini yake mna bahari, wengine wakadhani mna mabwawa na misitu minene.

Ndipo ikatumika rada. Rada haitegemei mwanga wa jua. Hupeleka mawimbi ya redio, yale ya jamaa moja na haya yanayowaletea sauti yangu asubuhi hii, nayo hupenya mawingu, hugonga ardhi, kisha hurudi. Chombo kilicho juu hupima muda wa kwenda na kurudi. Mawimbi hayo hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Mwangwi ukiwahi kurudi, chini pana mlima. Ukichelewa, pana bonde.

Mwaka 1978 Wamarekani walipeleka chombo cha kwanza cha kuizunguka Zuhura na kuipima hivyo. Mwaka 1983 Warusi wakapeleka viwili, vikachora upande wa kaskazini. Kisha tarehe 10 Agosti 1990 kikafika chombo kiitwacho Magellan. Kilipomaliza kazi ya rada mwaka 1992, kilikuwa kimechora sehemu 98 katika kila 100 za uso wa sayari ile.

Je, waliona nini? Waliona milima ya volkano na nyanda pana za mawe yaliyowahi kuyeyuka. Waliipima milima iitwayo Maxwell, ambayo kilele chake kimeinuka kiasi cha kilomita 11, zaidi ya mara mbili ya Mlima Elgon wetu. Vyombo vilivyotua huko vilipima joto la karibu digrii 460, linaloweza kuyeyusha risasi. Hapana bahari, hapana msitu. Nyota ile nzuri ya alfajiri inaungua chini ya wingu lake.

Mpendwa msikilizaji, sasa twende nyumbani kwa Yese. Samweli alikuwa nabii mzee, mwenye kuisikia sauti ya Mungu tangu utoto. Hata hivyo alipomwona Eliabu, kijana mrefu wa sura nzuri, alisema moyoni kwamba huyu ndiye. Mungu akamkataza, akamfundisha kwamba wanadamu huishia kwenye sura, lakini yeye huutazama moyo. Samweli aliona wingu. Daudi alikuwa malishoni, wala hakuna aliyekumbuka kumwita.

Na sisi je? Fikiri juu ya mama mmoja katika ushirika wako. Kila Jumapili huja na kitambaa safi kichwani, akaimba kwa sauti. Mumewe ni dereva wa safari za mbali, na mwezi wa tano huu hajaleta habari wala senti. Watoto wamerudishwa kutoka shule. Usiku halali. Mlangoni mwa kanisa twamwambia, "Yoga," naye aitika, "Yoga," tukapita. Tumeona mng'ao wa wingu, tukasema mama yule Bwana amemjalia.

Tena yuko kijana ashindaye pale mpakani. Twamwona na baiskeli yake, twasema huyu ni mtu wa magendo. Hatujui kwamba anawalea wadogo zake wanne. Palipokosekana kuuliza, pameingia kukisia.

Ndugu zangu, kazi ya rada ina mafundisho matatu kwetu.

La kwanza, rada hailipasui wingu. Hupeleka neno, kisha hungoja jibu. Wako watu wanaotaka kujua siri za wenzao kwa kulazimisha. Wewe nenda, keti, uliza kwa upole, kisha nyamaza usikie. Tena usikate tamaa upesi. Magellan ilipiga picha ya utepe mmoja mwembamba kila ilipozunguka, na ilibidi kungoja siku 243, sayari ijigeuze yote chini yake, ndipo duru moja ya kazi itimie. Moyo wa mtu hauonekani wote kwa ziara moja.

La pili, apimaye hana budi kujua yeye mwenyewe yuko wapi. Urefu wa mlima hupatikana kwa kulinganisha mwangwi na mahali chombo kilipo. Wakikosea juu ya mahali pa chombo, na mlima utakosewa, hata kama mwangwi ni wa kweli. Hii ndiyo maana ya fundisho la Bwana juu ya boriti na kibanzi. Mwenye kiburi humpima mwenzake kutoka juu mno, na kila mtu huonekana kwake kuwa bonde.

La tatu, angalia Magellan ilifanya nini na habari ilizozipata. Chombo kile kilikuwa na antena moja kubwa, ya kuchorea na ya kupelekea habari. Kila kilipokwisha kutazama chini, kiligeuka kuielekea dunia, kikawapa habari wale waliokituma. Wewe nawe umesikia shida ya jirani yako. Je, umegeuka kuelekea wapi? Sokoni? Au kwa Mungu aliyekutuma, kwa sala, na kwa msaada wa mikono yako?

Hata nchi yetu imekwisha kupimwa kwa rada. Mwezi wa Februari 2000 chombo cha Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11, kikapima sehemu kubwa ya nchi kavu, usiku na mchana, hata penye mawingu. Katika vipimo vile vya vilima na mabonde, Mlima Elgon ni mmoja, wala hapana mstari wa Kenya na Uganda. Lakini rada ile haikuona machozi ya mtu hata mmoja. Hayo Mungu peke yake ndiye ayaonaye. Someni leo Zaburi ya 139, mwone kwamba kwake giza si pazia.

Labda wewe unayenisikiliza ndiwe uliyejifunika. Watu wanakusifu, nawe unaungua ndani. Usingoje hata uteketee. Mtafute ndugu mmoja mwaminifu leo, mwambie neno moja la kweli.

Oktoba 1994 Magellan ilishushwa ndani ya anga zito la Zuhura, ikipima hadi mwisho, wala haikurudi. Bwana wetu hakuridhika kututazama toka juu. Alishuka akaingia katika taabu zetu, akafa, naye yu hai. Basi hatumwambii shida zetu kama mgeni.

Tuombe. Ee Baba, utusamehe kwa kuwapima wenzetu kwa macho tu. Utupe subira ya kusikiliza na kinywa cha kutunza siri. Uwakumbuke wote wanaoungua kimya asubuhi hii, nyumbani na njiani. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.